Mlio wa Diski ya Orvokki

Inspekta Helka Immonen alichekwa vya kutosha kabla hata hajavaa koti. Sajini Kuisma, aliyekaa naye chumba kimoja pale kituo cha polisi cha Tampere, alimsomea malalamiko yale kwa sauti ya mtangazaji wa mpira, ofisi nzima isikie: mzee Veijo Puttonen, miaka themanini kasoro, mkazi wa mtaa wa Tammela, ameibiwa mlio.

"Mlio wa nini?" aliuliza Helka.

"Wa kompyuta, bosi. Kompyuta ipo. Spika zipo. Mlio ndio umebebwa."

"Umepelekwa wapi?"

"Ndiyo kazi yako hiyo. Ukiukuta njiani, utie pingu." Kuisma alifuta machozi ya kicheko. "Binti yake naye kapiga simu. Anaomba tusijisumbue, eti baba ameanza kusahausahau."

"Kapiga lini?"

"Leo asubuhi."

"Na mzee kaleta malalamiko lini?"

"Leo asubuhi."

"Binti kajuaje haraka hivyo?"

Kuisma aliacha kucheka, ila si kwa muda mrefu. Helka akaondoka. Hakuwa mtu wa huruma nyingi, na wanaosema alikuwa nayo hawajawahi kuhojiwa naye. Alikuwa na ugonjwa mmoja tu, kushindwa kuacha kitu kisichoeleweka kimpite. Mlio hauibiwi. Kwa hiyo ama mzee amechanganyikiwa, ama anajua jambo asiloweza kulieleza, na yote mawili hujulikana mtu akiketi akanywa kahawa naye.

Ulikuwa mwezi wa tatu, theluji inayeyuka, na zile kokoto zinazomwagwa barabarani watu wasiteleze zilikuwa zimeshaingia kila mahali, kwenye soli, kwenye lifti, kwenye mikunjo ya suruali. Helka alivua viatu mlangoni kwa mzee, akaviweka kando ya jozi moja iliyokuwapo, akapita na soksi. Sakafu ilikuwa safi. Hapakuwa na kokoto hata moja ndani ya kizingiti, na mlango haukuwa na mkwaruzo.

Veijo Puttonen alikuwa mrefu aliyeanza kupinda, mikono mikubwa inayotetemeka. Maisha yake ya kazi yote aliyamalizia kiwanda cha karatasi, na mashine za kule zilikuwa zimemharibu masikio, basi alizungumza kama watu wote wako ng'ambo ya ziwa.

"Wewe ndiye polisi?"

"Ndiye mimi."

"Nilidhani wataleta mwanamume."

"Na wao walidhani nitamkuta kichaa. Tuanze upya, mzee?"

Veijo akacheka bila kupenda. Alimimina kahawa, akakata mkate wa iliki, kisha akachukua vikombe vyote viwili akatangulia chumba cha pili.

Chumba kile kilikuwa cha mkewe, Orvokki, aliyefariki majira matatu ya baridi yaliyopita. Vitambaa vyake vilikuwa bado dirishani. Juu ya meza palikuwa na kompyuta ya zamani, pana, nzito, iliyogeuka rangi ya maziwa yaliyolala. Na kila upande wa kompyuta ile kuukuu ilisimama spika ya mbao kubwa kupita kiasi, ya kuchezeshea muziki ukumbini.

"Alikuwa anachora mitindo ya glavu za sufu kwenye hiyo," alisema Veijo. "Magazeti ya kufuma yalikuwa yanazichapa. Mimi nikitoka zamu ya jioni, nikifungua mlango, kitu cha kwanza kusikia ni hiyo diski yake inayozunguka humo ndani. Inapanda, inaguna, inakwaruza kila akihifadhi mchoro. Nikiisikia tu, najua yupo."

"Ukimkuta mnaongea?"

"Tuongee nini? Yeye yupo, mimi nipo."

Helka alimwelewa. Wazazi wake mwenyewe walikuwa hivyohivyo.

"Alipofariki nikawa naiwasha jioni, naweka kichwa juu ya bati lake nisikie," mzee aliendelea. "Masikio yakazidi kunitupa. Hiki kidude cha sikioni kinaniletea kelele za sahani tu, mvumo hakileti. Nikamwita Taisto Kurki, yule wa chama cha kompyuta za zamani. Akafungua, akabandika maiki ndogo mgongoni kwa diski kwa nta, akavuta waya mpaka kwenye spika hizi. Akawasha." Aligusa spika ya karibu. "Nililia, inspekta. Sioni haya kukwambia. Ilikuwa kama yuko hapo kitini amenipa mgongo."

"Na sasa?"

"Sasa kuna mwingine humo. Tangu Jumatano. Sikiliza."

Alibonyeza swichi. Spika zikatoa mvumo uliopanda taratibu, zikaanza kukwaruza, tiki, tiki, kimya kidogo, tiki. Kwa sikio la Helka ilikuwa diski kama diski nyingine yoyote.

"Siyo," alisema Veijo.

"Inatofautianaje?"

"Una mume?"

"Nilikuwa naye."

"Akikohoa chumba cha pili. Wakimtoa, wakamweka mtu mwingine akohoe, hutajua?"

"Nitajua."

"Basi."

Helka alitoa kalamu, akauliza yale ya kazi. Jumatano jioni mzee alikuwa wapi? Sauna. Zamu yake ya sauna ya chini ya jengo ni Jumatano saa kumi na mbili, miaka nenda miaka rudi, na jengo zima linajua kwamba saa hiyo Puttonen yuko chini anajimwagia mvuke, na akitoka huko hukaa ubaridini na bia yake mpaka awe mwekundu vizuri. Mlango aliufunga? Aliufunga. Funguo za nyumba ziko kwa nani? Kwa mtunza jengo na kwa binti yake, Marjukka.

"Huyo Taisto hana?"

"Hana, lakini ndiye yeye," alisema mzee kwa hakika. "Alikuwa akiitazama diski yangu kama mbwa anavyotazama soseji. Aliniambia mwenyewe za aina ile hazipatikani tena."

Helka aliitikia kwa kichwa, akaweka kikombe chake juu ya meza, kando ya kompyuta. Hapo hapo akaona mkono wa Veijo ukiruka kuelekea kwenye spika, ukasita hewani, ukashuka.

"Vipi, mzee?"

"Aa, mazoea tu. Zamani ukiweka kikombe hapo, spika zinapiga kishindo. Ilibidi ukiweke polepole, la sivyo jirani anagonga ukuta."

Helka alikitazama kikombe. Akakiinua, akakitua kwa nguvu kahawa ikamwagika. Spika ziliendelea na tiki zao. Akapiga bati la kompyuta kwa kifundo cha kidole mara kadhaa. Tiki, kimya, tiki. Mpaka hapo alikuwa akimsikiliza mzee kwa heshima tu. Sasa alivuta kiti akakaa.

"Maiki iliyobandikwa kwa nta inasikia kila kitu," alisema. "Inasikia diski, meza, kikombe, na lori likipita pale chini. Hii haisikii chochote ila huo mkwaruzo. Kwa hiyo mlio huu haupiti kwenye maiki."

"Unapita wapi?"

"Nifungulie tuone. Bisibisi unayo?"

"Ninayo. Ila fungua wewe. Mikono yangu hii nikiiingiza humo nitavunja."

Skrubu zilitoka bila ubishi, kama zimefunguliwa juzijuzi. Pale diski ilipotakiwa kukaa palikuwa patupu. Maiki ilikuwa ikining'inia kwa waya wake, nta bado imeshika ubavuni. Kando yake mtu alikuwa amechomeka kadi ya memori, na juu ya bati amefunga kidude cha ukubwa wa kiberiti chenye kitaa chekundu. Kitaa kikipepesa, spika zinasema tiki. Kidude kilikuwa kimefungwa kwa plasta nyeupe, ile ya karatasi, na waya wake umesokotwa moja kwa moja kwenye waya unaokwenda kwenye spika.

"Kinaiga," alisema Helka.

Veijo aliinama akakitazama kwa muda mrefu.

"Mnafiki mdogo huyu," alisema. Kisha akakaa kwenye kiti cha mkewe, jambo ambalo, kwa jinsi alivyoshtuka baada ya kukaa, halikuwa desturi yake. "Sasa ya kwangu iko wapi?"

Mzee hakutaka mtu afungwe, wala hakutaka fidia. Alitaka diski yake tu, na kuitaka kwenyewe kulikuwa kumemjaa usoni hata Helka akaona vibaya kumtazama.

"Nitakuletea," alisema.

Katika kazi yake yote Helka hakuwa akiahidi watu vitu. Aliibandua plasta, akaitia kwenye kifuko cha ushahidi, akashuka ngazi akijilaumu.

Chama cha kompyuta za zamani kilikuwa na chumba chake chini ya jengo la kiwanda cha nguo kilichofungwa siku nyingi. Taisto Kurki alikuwa peke yake, mtu wa makamo mwenye ndevu zisizojua kitana, akimung'unya zile peremende nyeusi za chumvi. Rafu zilijaa mashine mpaka darini. Na katikati ya meza yake ya kazi, chini ya taa, ililala diski pana, nzito, ya zamani.

Helka hakupoteza muda kwa salamu.

"Hiyo ya nani?"

"Ya chama."

"Mzee Puttonen amepoteza ya namna hiyo."

Peremende iliacha kuzunguka mdomoni mwa Taisto. "Imepotea?"

"Imeibiwa. Na yeye anasema mwizi ni wewe."

"Veijo kasema hivyo?" Sauti yake ilishuka. "Veijo mwenyewe?"

"Kasema uliitazama kama mbwa na soseji."

"Niliitazama, ndiyo. Nina macho. Lakini hii ni ndugu yake, siyo yenyewe. Nusa."

"Ninuse nini?"

"Nusa tu, inspekta. Mimi nilibandika maiki kwa nta ya nyuki. Hainyanyuki bila kuacha harufu na alama. Hii ina nta?"

Helka aliigeuza. Mgongo wake ulikuwa mkavu, una vumbi la miaka. Akairudisha chini, akatoa kifuko, akakiweka mezani. Ndani yake ilikuwa plasta.

"Kuna kidude kinachoiga mlio. Kimefungwa kwa hii, na waya umesokotwa kwa vidole. Kazi yako?"

Uso wa Taisto ulibadilika kabisa. Alipoitwa mwizi aliumia; sasa alikasirika.

"Kwa plasta? Mimi? Wameusokota kwa vidole bila risasi ya kulehemu?" Alisimama. "Nitukanie mama yangu, inspekta, kazi yangu usinitukanie. Ningekiweka mimi ningekibandikia maiki ile ile kwa juu, meza igonge kama zamani, na yule mzee asingejua mpaka kiama!"

"Umejuaje kwamba meza haigongi? Sijakwambia."

Taisto alibaki mdomo wazi, peremende inaonekana. Kisha akakaa.

"Kidude ni changu," alisema. "Nilikitengeneza mimi. Kukifunga sikukifunga."

"Kilichukuliwa na nani?"

Taisto aliisogeza kando ile diski ya chama.

"Bwana Kurki, nina mzee anayelala na jina lako mdomoni, na si kwa wema. Unamlinda nani?"

"Veijo," alisema Taisto. "Ninamlinda yeye. Diski ile inaumwa, inspekta. Beringi zimekwisha. Nilipoifungua kabla ya Krismasi kuisafisha nilisikia kabisa. Kila anapoiwasha inaweza kuwa ndiyo mwisho, na yeye anaiwasha kila siku ya Mungu, anywe nayo kahawa. Michoro ya marehemu nilishainakili kwenye kadi, hiyo haina wasiwasi. Lakini mvumo haunakiliki kwenye kadi."

"Ukamwambia nani?"

"Ungeweza kumwambia yeye, wewe?"

"Sikuulizi ningeweza nini."

"Nilimwambia Marjukka. Binti yake. Akaniomba nitengeneze kitu cha kuiga, akasema ataibadilisha mwenyewe baba akiwa sauna, kisha diski yenyewe ataiweka pasipo mtu wa kuiwasha. Nikamwelekeza kwa simu, nikamwambia bandika maiki juu yake, usisahau. Naona alisahau." Alikuna ndevu. "Juzi nikamuuliza diski iko wapi. Akasema ameitupa kwenye pipa la vyuma chakavu. Sijalala vizuri tangu hapo."

"Umemwamini?"

"Kwani nisimwamini?"

Helka aliinua kifuko kwenye taa. Plasta ilikuwa na kitu ambacho alikiona alipoibandua, na sasa alikitazama vizuri: kila ncha ilikuwa imekunjwa kidogo kwa ndani, ibaki mahali pa kushika. Seremala hafanyi hivyo. Fundi umeme hafanyi hivyo. Hufanya hivyo mtu aliyezoea kubandua plasta kwenye ngozi za wagonjwa na hataki waumie.

"Anafanya kazi gani, huyu Marjukka?"

"Muuguzi."

"Muuguzi," alirudia Helka. Mtu wa namna hiyo, anayekunjia ncha hata bati lisilo na ngozi, hakutupa kitu cha mama yake pipani. Alichukua koti lake.

Marjukka Puttonen aliishi mtaa wa Kaukajärvi, ghorofa ya juu, peke yake. Alifungua mlango akiwa bado na sare ya kazi, akamtazama Helka akivua viatu kama aliyekuwa ametumaini havitavuliwa na mambo yataishia pale mlangoni. Alikuwa na urefu wa baba yake na, bila shaka, uso wa mama yake.

"Nilishawaambia," alianza kabla hawajakaa. "Baba anasahau. Anawazia vitu. Mnampa tumaini la bure."

"Baba yako hasahau. Kwa sikio bovu ametambua uongo ambao mimi mwenye masikio mazima sikuutambua."

Marjukka alifuta meza ya jikoni ambayo ilikuwa safi.

"Umepigia polisi simu leo asubuhi," alisema Helka. "Nani alikwambia amekuja kwetu?"

"Aliniambia mwenyewe. Alinipigia, akasema anakwenda kumshtaki Taisto."

"Ukaona afadhali Taisto ashtakiwe."

"Hapana! Nilipiga simu ili asishtakiwe mtu."

"Diski iko wapi?"

"Niliitupa."

"Wapi?"

"Kwenye pipa la vyuma."

"Pipa la wapi?"

"La... la huku mtaani."

"Ilikuwa na nta mgongoni. Uliibandua kabla ya kutupa?"

"Nilifuta, ndiyo, kwa maji ya moto na—" Mtu hafuti nta kwenye kitu anachokwenda kutupa. Macho yake yalikimbilia mlango wa chumba cha kulala, yakarudi, lakini yalikuwa yameshakwenda.

"Utaileta mwenyewe," alisema Helka, "au niifuate?"

Alikwenda mwenyewe. Alirudi ameibeba kwa mikono miwili, imefungwa kwenye taulo jipya la buluu, akaiweka mezani polepole. Kisha akarudi akaleta vitu viwili vingine, adapta ya umeme na kile kipimo cha madaktari cha kusikilizia moyo, chenye mipira ya masikioni.

"Hicho cha nini?"

"Mimi sina spika," alisema Marjukka.

Helka alirudisha kalamu mfukoni. Katika kuhoji, alijua, kuna mahali ambapo swali moja zaidi linaharibu.

"Nilitaka ife mbali naye," alisema Marjukka. "Hilo ndilo lilikuwa wazo langu lote. Mama alipokwenda, baba hakula wiki nzima. Nikasema ikija kufa mbele yake, kwenye yale maspika, kwa sauti kubwa vile, nitamzika na yeye. Nikaibadilisha. Nilikuwa niifunge kabatini basi." Aligusa taulo. "Ikawa haifungiki. Inspekta, chumba changu kilikuwa upande wa pili wa ukuta ule. Utoto wangu wote nimelalia mlio huu. Nikiusikia, mama yuko macho, hakuna baya litakaloingia. Baba anadhani ni wake peke yake. Watu walikuja msibani wakampa pole yeye, mimi nikawa nagawa kahawa."

"Ukaiwasha."

"Jumapili. Nikasema mara moja tu. Nikaweka hiki hapa juu." Alionyesha mahali kwenye bati, kwa kidole, kwa uangalifu wa kazi yake. "Ikakwama kidogo, ikapanda. Ikaguna. Mama akawa yupo, inspekta. Yupo kabisa. Nikasema nizime sasa, sasa hivi, nizime. Sikuzima. Kisha ikaanza kushuka yenyewe. Nimeshasikia mioyo mingi ikisimama kwa hiki kidude. Hii nayo ilisimama vilevile."

"Ukajaribu tena?"

"Mpaka adapta ikaungua."

Dirishani mwanga wa jioni ulikuwa bado mwingi, ule wa mwezi wa tatu unaokuja ghafla baada ya giza refu. Helka alikunja taulo vizuri juu ya diski.

"Vaa koti."

"Unanikamata?"

"Nakupeleka kwa baba yako."

"Heri unikamate," alisema Marjukka, na alimaanisha.

Veijo alifungua mlango kabla ya kengele kumaliza kulia. Aliona taulo mikononi mwa binti yake na akaelewa nusu, ile nusu nzuri. Uso ulimfunguka.

"Umeileta!" alimwambia Helka. "Umeileta kweli! Na wewe Marju, umeipata wapi? Kwa Taisto? Nilisema mimi!"

Kule chumbani spika zilikuwa zinalia, tiki, kimya, tiki. Mzee aliona Helka akisikiliza.

"Nimemwacha yule mnafiki aseme," alisema kwa aibu kidogo. "Kimya kilinishinda."

Helka alivua viatu. Alikuwa ameahidi kuileta, ameileta, na kilichobaki hakikuwa cha polisi. Walikwenda mpaka chumba cha Orvokki. Marjukka aliweka diski mezani, akasimama mbele ya baba yake mikono imening'inia.

"Baba, siyo Taisto. Niliichukua mimi."

"Eh?"

"Mimi ndiye niliyeichukua. Na nimeiwasha. Imekufa."

"Sisikii, Marju. Hizi spika. Sema kwa nguvu."

Alijaribu mara ya pili, kwa sauti ile ile ndogo. Mzee aliinamisha kichwa, akakinga sikio kwa kiganja, akamngoja kwa subira. Basi ilibidi aseme kwa sauti ya kusikika jengo zima.

"Nimeiua, baba! Nilitaka kumsikia mama! Nimeiua!"

Jirani hakugonga ukuta. Veijo aliteremsha kiganja taratibu. Alitazama diski, akatazama mikono ya binti yake, akaitazama diski tena, akalifunua taulo na kulifunika tena. Helka alikuwa ameona watu wakipokea habari mbaya mara nyingi na alijua namna zote, hii hakuijua. Mzee alikaa kitini.

"Ulikuwa unaisikiliza," alisema mwishowe.

"Ndiyo."

"Mpaka mwisho?"

"Mpaka mwisho."

"Ilikuwaje?"

Marjukka alitikisa kichwa. Alikuwa analia sasa wazi, kama watu wa nyumba ile wasivyokuwa na desturi ya kulia.

Veijo alinyoosha mkono kwenye spika. Alizungusha kitufe cha sauti, akazungusha, mpaka yule mwigaji akafifia na kunyamaza kabisa.

"Nakuuliza ilikuwaje. Mimi mwisho wake sikuusikia."

Helka alirudi nyuma mpaka barazani. Alikwishaingiza mguu mmoja kwenye kiatu, na haikuwa lazima akae, lakini mlango wa chumba ulikuwa wazi. Aliona Marjukka akivuta kigoda, akikaa ubavuni mwa baba yake, akimtoa mzee kile kidude cha sikioni kwa vidole vyake vilivyozoea kazi hiyo. Kisha akaweka mdomo pale pale, sikioni, akaanza kuvuma.

Ulikuwa mvumo wa chini, wa kooni, unaopanda kidogo kidogo. Veijo alifumba macho.

"Siyo," alisema. "Kabla haijapanda inakwama."

"Najua, baba."

"Basi ikwame."

Alianza tena. Safari hii alikwama kidogo mwanzoni, akapanda, akaguna, akakwaruza kwa ulimi, na mzee akashika ukingo wa meza. Hakusahihisha kitu. Midomo yake ilifunguka kama ya mtu anayetaka kuita jina na anajizuia. Marjukka aliendelea kuvuma mpaka uso ukamwiva, mpaka mvumo ukaanza kutetereka na kushuka. Mkono mkubwa wa baba yake ukamshika bega.

"Usiishushe, Marju."

"Pumzi imeniishia, baba."

"Vuta nyingine."

Akavuta.